Rangi Haifungi Ramadhani Mbili

Simu ya Rahma ilinikuta nimeshika kidevu cha mtu. Bibi harusi wa Jumamosi, msichana wa Tabata mwenye haraka zake, alikuwa amekaa kwenye kiti changu, na mimi nilikuwa nimemwomba mkoba ili nione anachojipaka kila siku. Ndivyo nilivyofundishwa kuanza. Nikatoa lipstiki ya kwanza, imelegea kwa kuachwa kwenye gari juani. Nikatoa ya pili, haina kifuniko, imejaa chenga za biskuti. Nikatoa lipshaini iliyokuwa nzito kiasi kwamba brashi yake ilivutana na kichupa. Sikusema neno. Nikampa ile ya kwanza anuse. Akanusa, akakunja pua, akacheka kwa aibu, akasema, "Anti, kumbe siku zote natembea na hii?" Hapo ndipo simu ikaita. Rahma hakusalimia. Alisema, "Aika, mama ametangulia," na mimi nikajikuta nakaza kifuniko cha lipstiki ya mtu, nakikaza tu, ingawa muda si mrefu ningeitupa.

Msibani Mchafukoge nilikaa mkekani na kanga kichwani, pamoja na wanawake waliokuwa wanasoma Yasini. Mimi ni Mlutheri, sijui kuisoma, lakini najua mahali pa kuitikia amina. Hayo pia nilijifunza katika nyumba ile. Watu walimtaja marehemu, Bi Nuru, kwa mengi: sauti yake ndogo, halua yake, mkono wake kwenye wanja. Nilisikiliza bila machozi. Nililia nilipoinuka kwenda msalani nikapita koridoni, nikaona mtungi wake bado uko juu ya kigoda. Nimepamba maharusi nusu ya umri wangu, na chochote ninachokijua kuhusu mdomo wa mwanadamu nilikipata kwenye korido ile, katika mwaka mmoja, nikiwa na miaka kumi na tisa.

Nilifika kwa Bi Nuru kupitia dukani. Shangazi yangu alikuwa na duka la jumla la vipodozi Kariakoo, na Bi Nuru, mpambaji aliyejulikana kuanzia Gerezani mpaka Upanga, alikuwa mteja wake mgumu kuliko wote. Shangazi alipanga lipstiki za kujaribu kwenye meza mbele ya duka, jua likizipiga tangu asubuhi, na kila mpita njia alijipaka, akajitazama kwenye kioo, akaenda zake bila kununua. Bi Nuru alipita kando ya meza ile amekusanya baibui lake lisiiguse, akaingia mpaka stoo, akataka katoni ambayo haijafunguliwa. Nilisikia mabishano yao mara nyingi nikiwa nimekaa juu ya mabunda. "Bi Nuru, rangi haiozi," shangazi alimwambia siku moja. "Kinachooza ni samaki." Bi Nuru alijibu bila kupandisha sauti: "Afadhali samaki, mama. Samaki akioza sokoni Feri, mpaka Mnazi Mmoja wanajua. Hii inaoza kimya kimya, tena mdomoni mwa mtu." Shangazi alicheka, akamtolea katoni. Siku hiyohiyo Bi Nuru alinitazama nikipanga vikopo vya poda, akauliza huyu mwenye mkono mtulivu ni nani, na kabla ya mwezi kuisha nikawa nimehamia kwake. Shangazi alifurahi kwamba nimepata ufundi. Mimi nilifurahi kwamba nimepata godoro.

Nyumba ilikuwa ghorofa ya pili, kwenye jengo la zamani ambalo chini yake waliuza vitambaa. Chumba cha mbele kilikuwa cha kupambia: kioo kirefu, stuli mbili, kabati kubwa la mninga, na dirisha la upande wa magharibi lililofungwa pazia zito. Chumba cha nyuma tulilala wote, Bi Nuru na Rahma kitandani, mimi kwenye godoro langu chini. Rahma alikuwa binti yake wa pekee, rika langu, mcheshi, mvivu wa kuosha vyombo, na baba yake alifariki yeye akiwa bado anatambaa. Asubuhi tulikula mkate wa ufuta na maharage ya nazi, na Bi Nuru alikunywa kahawa chungu kwa tende. Nilipokuwa nimezoea kidogo niliomba niwapikie chakula cha kwetu. Nikapika mtori, supu nzito ya ndizi na nyama ambayo wengi huijua kwa kupewa mzazi, nikaupakua kwa fahari. Bi Nuru alionja, akatazama mlangoni, akauliza kwa upole kabisa, "Kajifungua nani?" Rahma alicheka mpaka akatoka mezani. Lakini mama yule alimaliza sahani yake, na tangu siku hiyo, mtu akiumwa mle ndani, mtori ulikuwa kazi yangu.

Mwisho wa korido, mahali ambapo jua halikufika hata saa saba mchana, palikuwa na mtungi wa maji juu ya kigoda. Jokofu lilikuwepo jikoni, ila Bi Nuru alisema maji ya jokofu yanamgonga meno. Nyuma ya mtungi, juu ya tofali kavu, lilikaa kopo la bati lililowahi kuwa la biskuti, lenye kifuniko cha kubana, na ndani yake zilisimama lipstiki zote za kazi, kila moja imefungwa uzi shingoni. Nilidhani ni urembo. Nikauliza kwa nini tusiziweke chumba cha kupambia, karibu na kioo, kama saluni zote za mjini. Akanijibu kwamba kule kuna dirisha, na dirisha ni adui. Bafuni je? Bafuni kuna mvuke. Mkobani kuna joto la mwili na chenga za kila kitu. Pale koridoni palikuwa na ubaridi usiobadilika, asubuhi na jioni, na rangi ya mdomo inachotaka ni hicho tu: iachwe gizani, imefungwa vizuri, isisumbuliwe mara baridi mara joto. Mimi nami nilikuwa natafuta mahali pa namna hiyo mwaka ule, kusema kweli, na nilipapata.

Uzi ulikuwa kalenda yake. Lipstiki ikifunguliwa tu, ilifungwa uzi, na kila mwaka ulikuwa na rangi yake. Mwaka wenyewe kwake ulianzia Idi. Nilikuta wako kwenye uzi wa kijani. Za mwaka uliopita zilikuwa na uzi mweupe. Zikivuka Ramadhani moja aliziachia, lakini ya pili haikuzikuta. "Rangi haifungi Ramadhani mbili," alisema kila mara, mpaka Rahma alikuwa anaitamka naye huku akimwiga sauti. Lipshaini hazikupewa hata muda huo, maana brashi yake inatoka mdomoni inarudi chupani, inatoka inarudi. Zilizofunguliwa baada ya Idi hazikuvuka Maulidi. Tena hayo yote ni kwa rangi iliyokaa salama. Ikitoa jasho, vile vitone vya mafuta vinavyojitokeza juu yake, ikianza kukwaruza mdomo, ikibadilika harufu, haikungoja uzi wala mwezi kuandama.

Sikumwona hata mara moja akimpaka mtu moja kwa moja kutoka kwenye lipstiki. Alikuwa na kisu kidogo alichokifuta kwa spiriti, akakwangua rangi kiasi kwenye kisahani, akapaka kwa brashi. Mteja mmoja wa Kisutu alikasirika, akasema anacheleweshwa na vijisahani. Bi Nuru akamuuliza kama yuko tayari kuazima mswaki wa mtu wasiyejuana naye. Yakaishia hapo. Akija mwenye kidonda cha homa mdomoni, kilichobaki kisahanini kilitupwa na brashi ilitengwa mpaka ioshwe kwa sabuni na spiriti. Na kila mteja, awe mke wa mwenye maduka au binti wa muuza kahawa, alifunguliwa mkoba kwanza. Hapo ndipo nilipofundishwa jambo ambalo bado nalitumia kila siku. "Usimwambie mtu rangi yake imeoza," Bi Nuru alinionya mapema kabisa. "Ukimwambia, atabisha, tena ataona umemtukana. Mpe anuse, unyamaze. Pua yake itamwambia." Nilimwona akifanya hivyo kwa wanawake wakali, wenye dhahabu mpaka kiwikoni, na wote wakaitupa wenyewe bila kusukumwa.

Siku ya kuvunja jungu, majirani wakipika pilau na vijana wakielekea ufukweni kula mchana kwa mara ya mwisho kabla ya mfungo, sisi tulivunja jungu letu koridoni. Bi Nuru alikaa juu ya mkeka, kopo mapajani, akatoa kila lipstiki yenye uzi mweupe. Aliisogeza puani, akaitazama, kisha akaniamuru nifungue kabati la mninga. Upande wa ndani wa mlango ulikuwa umejaa mistari, mamia ya mistari mifupi, myekundu, ya waridi, ya kahawia, imepangana toka juu mpaka usawa wa magoti. Kila rangi iliyotoka kazini ilichora mstari wake mmoja pale. Halafu aliikatakata kwa kisu, mtoto asije akaiokota jalalani akajipaka, ndipo ikatupwa. Alipitisha kidole kwenye mistari ya zamani akitutajia: huyu wa Magomeni, alilia mpaka wanja ukafika shingoni, huyu mume wake alichelewa mpaka wali ukaganda, huyu aliachika, akaja kupambwa tena, na wa pili ndiye alikuwa mume. Rahma alikuwa amezisikia hadithi hizo tangu utotoni na bado alidai zirudiwe.

Chini kabisa ya kopo palikuwa na kitu kimefungwa kwenye leso ya mkononi. Nikakifungua nikijua ni kazi yangu. Ilikuwa lipstiki ya kizamani, kopo lake la chuma la rangi ya dhahabu, na uzi wake ulikuwa umepauka hata usiweze kusema ulikuwa wa rangi gani. Nikakivuta kifuniko. Harufu iliyotoka ilikuwa ya mafuta ya nazi yaliyosahaulika chupani miaka. Nikamnyooshea Bi Nuru pamoja na kisu. Aliichukua, hakuchukua kisu, akaifunga tena kwenye leso kama ilivyokuwa. "Hiyo ina ruhusa," alisema. Nikamtazama Rahma, naye akanikonyeza ninyamaze.

Ramadhani ile joto lilizidi, na mgao wa umeme nao haukuwa na huruma. Rahma, kwa nia njema kabisa, akaona korido nayo imeshindwa kazi, akalihamishia kopo ndani ya jokofu, kando ya samaki wa futari, changu waliotoka Feri asubuhi. Umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Tulipolitoa kopo siku chache baadaye, lipstiki zote zilikuwa zimetoa jasho. Bi Nuru hakugomba. Alichukua moja, akampa binti yake, akanyamaza. Rahma alinusa, akafikiri kidogo, akasema inanukia futari. Nilicheka, Mungu anisamehe, lakini nilimwona Bi Nuru akiitafuta leso chini kabisa ya kopo. Aliinusa ikiwa bado imefungwa, akavuta pumzi, mabega yakashuka. Zile nyingine zikatupwa zote na mimi nikatumwa Kariakoo kwa katoni mpya. Shangazi alipopewa kisa alishika kiuno. "Nilisema mimi," akaniambia, "kinachooza ni samaki."

Baada ya Idi ikaja posa ya Rahma kutoka kwa watu wa Tanga, watu wa heshima, na harusi ikapangwa mfungo tatu, mwezi wa tatu baada ya Ramadhani. Rahma alimpenda kijana yule. Hapo hapakuwa na kesi. Jioni moja, wiki yenyewe ya harusi, tukiwa tunachambua mchele ukumbini, Bi Nuru alileta leso, akaifungua mbele yetu kwa mara ya kwanza. Akatueleza kwamba lipstiki ile ilikuja kwenye sanduku lake la harusi. Wanaume wengine huwatuma dada zao kununua vitu vya sanduku. Mume wake aliingia dukani mwenyewe, Muscat, akasimama kati ya wanawake akaichagua, na alipoulizwa mke wake ni mweupe au maji ya kunde hakujua aseme nini, akaonyesha mkono wa muuzaji. Bi Nuru alikuwa anacheka alipofika hapo. Aliivaa siku ya harusi yake na siku chache baada ya hapo, kisha akaanza kuibania, na aliyeinunua akafa kabla haijaisha. "Utaivaa," akamwambia Rahma. "Babako hakujaliwa kukuoza. Ukiivaa hii, atakuwa amekuja." Rahma aliinama kwenye ungo wake, akasema sawa mama. Mchele ulikuwa umeshakwisha kuchambuliwa, lakini aliendelea kuuchambua.

Siku mbili tatu baadaye alinifuata juu ya paa nilipokuwa naanika taulo za kazi. Alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio. Alipouondoa niliona midomo imevimba, pembeni imetoka vipele vidogo. Alikuwa ameijaribu kwa siri, kidogo tu, na mama yake alipouliza alisingizia pilipili mbuzi. "Na hiyo ni kidogo, Aika. Siku yenyewe ntakaaje? Watu wa Tanga wote wale wananiangalia." Nikamwambia amweleze mama yake, hakuna mwanamke Dar es Salaam nzima anayeelewa jambo lile kuliko yeye. Rahma akatikisa kichwa. "Nikiikataa, ataona nimemkataa baba. Yeye hana kingine cha baba. Picha zenyewe ziliingia maji." Halafu akasema nilichokuwa nakiogopa tangu alipopanda ngazi: nimwambie mimi. Niliogopa kweli. Nilikuwa nakula kwao, nalala kwao, na sikuwa damu yao wala dini yao. Ningekuwa nani mimi kumwambia Bi Nuru kwamba rangi yake imeoza? Nilimaliza kuanika taulo bila kumjibu, na Rahma aliyachukulia yale kuwa ndiyo.

Siku ya harusi nyumba ilijaa udi na wanawake toka ngazini. Bi Nuru aliwatoa wote chumba cha mbele akafunga mlango, tukabaki watatu. Rahma alikuwa kwenye stuli, hina imekolea mpaka viwiko, wanja umepakwa na macho kayafumba ukauke. Bi Nuru akatoa leso kifuani, akaifungua, akanipa lipstiki ile pamoja na kisu. "Kwangua," akasema, akanisogezea kisahani. Ndiyo ilikuwa kazi yangu siku zote. Nilikivuta kifuniko, harufu ikajaa kati yetu, na nikamwona Rahma akiuma midomo yake kwa ndani. Nikaweka kisu chini. Nilikuwa na alichonifundisha Bi Nuru tu. Nikamnyooshea lipstiki yeye mwenyewe nikasema, "Bi Nuru, naomba unuse kwanza." Kisha nikanyamaza.

Alijua ninafanya nini. Ni yeye aliyenipa mbinu hiyo. Nilitegemea anifukuze chumbani, na nadhani ningeenda bila kinyongo. Badala yake aliichukua, akaisogeza puani, akavuta pumzi ndefu, tena akafumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi hapa sisikii kuoza, Aika," akasema polepole. "Mimi namsikia yeye." Nikaelewa kwamba miaka yote ile alikuwa ameifungua na kuinusa, kidogo kidogo, mpaka harufu ya mafuta yaliyochacha ikawa ndiyo harufu ya mume wake. Pua iliyowavua wanawake wa mji mzima lipstiki zao ilikuwa haina la kumwambia kuhusu hii moja.

Rahma ndiye aliyesema, bila kufumbua macho. "Mama, mimi baba simjui. Ninayemjua ni wewe. Nipake unayojipaka wewe." Huko nje walikuwa wanapiga vigelegele kwa jambo lao lingine. Bi Nuru akaitazama lipstiki, akamtazama mtoto wake midomo, na hapo nadhani aliviona vile vipele ambavyo poda haikuvificha vizuri, akakumbuka pilipili. Akairudisha kwenye leso, pembe moja baada ya nyingine. Kisha akafungua mkoba wake, akatoa lipstiki yake ya kila siku, ya kahawia iliyotulia, yenye uzi wa mwaka ule. Hakuvunja sheria hata hapo: alikata kichwa cha lipstiki akakitupa, akakwangua ya ndani kwenye kisahani, akachukua brashi safi. Lakini aliisogeza brashi mdomoni mara moja, akaiondoa, akanipa mimi. "Maliza wewe," akasema, akasimama nyuma ya binti yake na kumshika mabega. Ule ndio mdomo wa kwanza wa bibi harusi niliopaka maishani mwangu. Niliupaka nikilia, na Rahma alinionya kwa meno yaliyobanwa kwamba nikimwangushia chozi kwenye wanja atanimaliza.

Kesho yake, tukiosha vyombo vya watu wawili tu maana Rahma hakuwepo, Bi Nuru alilirudia jambo lile mwenyewe. "Nilikufundisha mtu apewe anuse," akasema. "Sikukwambia kwamba kuna watu wakinusa hawasikii." Nilisubiri aendelee. Akauliza kama biriani imebaki. Nilikaa kwake mpaka kuvunja jungu kwingine, nikachora mistari ya lipstiki za uzi wa kijani kwenye mlango wa kabati kwa mkono wangu, nikaondoka kwenda kujitegemea. Leso ilibaki chini ya kopo, na ruhusa yake. Tangu hapo nimewanusisha watu wengi, na mara mojamoja nakutana na mtu anayenusa na kutabasamu. Huyo simbishii. Nampaka nyingine, ile yake namrudishia mkobani, namwambia aihifadhi vizuri ila asiitie mdomoni.

Baada ya arobaini, Rahma aliniomba tukafunge nyumba pamoja, maana mwenye jengo aliitaka. Alikuja toka Tanga na miwani na magoti yanayomsumbua, tukacheka kwamba nani kati yetu kazeeka zaidi. Mtungi ulikuwa mkavu. Kopo tulilikuta nyuma yake, juu ya tofali lilelile. Ndani mlikuwa na brashi, vibonge vya uzi, na leso. Tukafungua kabati. Mistari ya waridi ilikuwa imefifia, myekundu imebaki. Rahma alisimama mbele ya mlango ule, akaifungua leso, akaivuta lipstiki ya baba yake, akachora. Ilikuwa ngumu, ilikwaruza, ikavunjika ikaacha alama fupi ya kahawia. Rahma alinusa vidole vyake, akanusa tena. "Kumbe ndiye huyu," akasema, akakaa kwenye stuli, nami nikamwacha alie.

Alipomaliza aliinuka akaenda dirishani. Miaka yake ya mwisho Bi Nuru alikuwa anasahau. Alimwita Rahma kwa majina ya maharusi, aliacha mapazia wazi. Kwenye kizingiti cha dirisha, kando ya tasbihi, ilikuwepo lipstiki yake ya kahawia, jua la magharibi limeipiga kila alasiri, tena haina uzi. Rahma aliifungua, akanipa mkononi, akanyamaza kama tulivyofundishwa wote wawili. Nilitazama. Ilikuwa imetoa jasho, vitone vimejaa juu yake; hata mwanafunzi wangu wa wiki ya kwanza asingeuliza swali. Nikaisogeza puani. Nikasikia udi, na kahawa chungu, na tende, na mkono uliokuwa ukinishika kidevu na kuniambia tulia.

"Hii bado nzima," nikasema.

Rahma akavuta uzi wa kijani kutoka koponi, akaukata kwa meno, akaifunga shingoni.